Maisha ya Kivoi wa Mwendwa, Mkubwa wa Kitui

Ndugu zetu wa Mwambao wakiambiwa wataje wakubwa waliotangulia, ndimi zao hukimbilia majina ya Unguja, ya Lamu na ya Pate, au huvuka bahari wakataja wa Bara Arabu na Misri. Hilo si baya, kwani mtu asiyewajua wazee wake hajijui mwenyewe. Lakini yuko jirani ambaye wazee wetu walifanya naye biashara, na leo hata jina lake halitajwi katika baraza zetu. Twakusudia katika waraka huu kueleza maisha ya Kivoi wa Mwendwa, Mkamba wa Kitui, aliyeuawa mwezi wa Agosti mwaka wa 1851. Hakuwa Muislamu, wala hakuketi chuoni, wala hatumwelezi ili afuatwe katika kila jambo lake. Na mbele tutayataja yale yake ambayo hayatupendezi. Twamweleza kwa ajili ya tabia moja, nayo ni kuwapo kwake. Alikuwa mkubwa ambaye watu wakimtaka humpata, na akiketi nao huwa yuko nao kwa macho na kwa masikio.

Kwanza yafaa msomaji aijue nchi yenyewe. Atokaye Mombasa kwenda Nairobi hupita katika nchi ya Makueni, kuanzia Mtito Andei, kisha Kibwezi, kisha Makindu, kisha Emali na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad wa Unguja. Nchi hii zamani ilihisabiwa katika Machakos, na ilitengwa kuwa wilaya peke yake mwaka wa 1992. Sehemu za Kibwezi wazee waliziita Kikumbulyu, na vilima vya Chyulu huonekana upande wa kushoto wa msafiri. Kitui iko mashariki yake, ng'ambo ya mto Athi na ule ukuta mrefu wa mawe na udongo uitwao Yatta, nayo huendelea kaskazini mpaka mto Tana. Ni nchi kavu. Mvua zake ni mbili kwa mwaka, na ile ya vuli, ya Oktoba mpaka Disemba, ndiyo wakulima waitegemeayo zaidi. Ikikosa kuja, watu huhama na mifugo yao. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwatoa Wakamba wengi kwao wakashuka mpaka karibu na Rabai, na baadhi yao wakakaa moja kwa moja. Kwa hivyo Mkamba hakuwa mgeni kwa Mmvita hata kabla ya gari la moshi.

Wakamba hawakuwa na mfalme, na hili ndilo jambo la kulishika kwanza katika khabari za Kivoi. Watu wa mtaa mmoja, ambao wao huuita utui, walihukumiwa na wazee wao, na baraza la wazee hao liliitwa nzama. Hapakuwa na kiti cha enzi cha kurithiwa, wala askari wa kulipwa, wala liwali wa kuteuliwa na mtu aliye mbali. Mtu akitaka kuwa mkubwa ilimpasa aupate ukubwa huo kwa watu wenyewe, na auhifadhi kila siku, kwani hapakuwa na kitu cha kumlinda siku watakapomchoka. Mmishenari wa Kijerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kukaa Rabai tangu mwaka wa 1846, alimjua Kivoi na kuandika khabari zake. Yeye aliona kwamba ukubwa kwa Wakamba huja kwa mali, na kwa ufasaha wa kusema, na kwa umbo la kupendeza machoni, na zaidi ya hayo kwa sifa ya uganga na ya kuleta mvua. Kivoi alikuwa na hayo yote.

Lakini Krapf alikuwa mgeni na mpita njia, naye alihisabu yale aliyoyaona juu juu. Mali hufilisika, na ulimi mtamu huzoeleka, na umbo huzeeka. Mtu asiye na askari akidumu katika ukubwa miaka mingi, jina lake likajulikana kutoka Kitui mpaka pwani, basi lazima pana kitu kingine kilichomshika, na kitu hicho twakiona tukitazama mahali alipokuwa akiketi.

Mbele ya mji wa Mkamba, pale mlangoni pa kuingilia, palikuwa na uwanja uitwao thome. Hapo wanaume waliwasha moto jioni wakakaa. Wazee walikata mashauri, vijana walisikiliza na kufunzwa, mtu aliyetoka safari aliulizwa khabari za njia na za mvua na za bei, na mgeni alipokewa hapo kabla ya kuingizwa ndani. Mikono haikukaa bure, huyu alichonga mshale, yule alikaza upinde, na mwingine alisuka mikufu myembamba ya waya wa shaba, kazi ambayo Wakamba walisifika kwayo. Msomaji wetu hana haja ya kuelezwa sana, kwani sisi tuna baraza zetu za mawe mbele ya nyumba, nazo hufanya kazi ile ile. Thome ya mtu mkubwa ilijaa, na yeye mwenyewe alikuwa hana budi kuwapo. Mzee ambaye thome yake imepoa moto alikuwa mzee wa jina tu.

Hapo ndipo Kivoi alipopatia elimu yake. Hakusoma vitabu, lakini alijua njia za Uchaga na za Tana, na nani ana pembe za kuuza na kwa kitu gani, na maji yamebaki wapi wakati wa kiangazi. Krapf alipomfikia alimkuta hapo kwake mfanyabiashara mmoja, Rumu wa Kikandi, aliyetoka nchi ya Waembu, karibu na ule mlima mkubwa, naye akamweleza mgeni mambo mengi ya nchi za mbele ambayo hakuna mtu wa Ulaya aliyekuwa ameyaona. Tazama basi, ndugu yangu: Mwembu, na Mjerumani, na Wakamba, wote katika uwanja wa mtu mmoja. Watu hawa hawakukusanyika kwa barua wala kwa tangazo. Walikuja kwa sababu palikuwa na mwenyeji ambaye hakuona kwamba mazungumzo na msafiri mwenye vumbi miguuni ni kupoteza wakati.

Mahali pa pili pa Kivoi palikuwa njiani. Wakati ule biashara ya pembe baina ya bara na pwani ilikuwa mikononi mwa Wakamba. Walitoka kwa misafara ya watu 200 mpaka 300, wakanunua pembe au wakawinda wenyewe kwa mishale ya sumu, kisha wakazibeba mabegani mpaka Rabai na Mombasa, wakarudi na nguo, na shanga, na waya wa shaba, na chumvi. Hatusemi kwamba biashara ya zama zile ilikuwa safi, kwani katika njia hizo hizo na katika bandari zetu watu pia waliuzwa, na hilo ni doa ambalo Mwambao haufai kulisahau. Twasema tu kwamba kuongoza msafara kama huo hakukuwa kazi ya mtu wa kukaa kitako. Krapf alipokwenda kwa mara ya kwanza aliondoka Rabai tarehe 1 Novemba 1849, na ilimchukua zaidi ya majuma matatu kufika Kitui, akipita nyika ya Taru, na Taita, na mto Tsavo, na Kikumbulyu. Majina haya ukiyasoma ndani ya gari ni majina matupu. Kwa mtembea kwa miguu mwenye pembe begani, kila jina lilikuwa ni kisima, au ni ukosefu wa kisima.

Kiongozi wa safari kama hiyo, ambaye Wakamba humwita muthiani akiwa kiongozi wa windo au wa vita, huamka kabla ya watu wake na hulala baada yao. Ndiye aamuaye pa kutua, na ndiye agawanyaye maji yanapokuwa haba, na katika ugawaji huo kila mtu humtazama mkono. Hana budi amjue mwenye mguu uliovimba, asimwongezee mzigo. Awajue wawili waliogombana jana, asiwapange karibu usiku. Mambo hayo ni madogo, wala hayaimbwi, na msafara hufika au hupotea kwa ajili yake. Kivoi alikuwa tajiri. Angeweza kukaa kwake Kitui akapeleka watu wake na kungojea faida, kama wafanyavyo wenye mali wengi. Naye aliendelea kwenda mwenyewe mpaka siku ya mwisho wake.

Ama sisi leo, tutazame wakubwa wetu, na tusitazame mbali katika serikali, tuanzie kamati za misikiti yetu na jumuiya zetu. Nilihudhuria mkutano wa jumuiya moja, ambayo hatutaitaja. Mwenyekiti alifika saa nzima baada ya wakati, akasoma karatasi yake, kisha macho yake yakawa katika simu aliyoishika mkononi. Mzee mmoja aliyetoka shamba kwa miguu alisimama kuuliza juu ya dari ya madrasa inayovuja juu ya watoto, na kabla hajamaliza maneno yake mwenyekiti aliinuka, akasema ana shughuli kubwa mahali pengine, akaondoka. Sijui shughuli ile ilikuwa kubwa kiasi gani. Nimjuavyo yule mzee, hakurudi tena katika mikutano ile, na wala hakuwa peke yake. Watu hawamwachi kiongozi kwa siku moja kubwa aliyokosea. Humwacha kidogo kidogo, kwa salamu alizoziitikia bila kutazama uso, na kwa mazishi aliyofika wakati watu wamekwisha kunawa mikono, mpaka siku awahitajiapo hugeuka nyuma akakuta njia ni tupu.

Turudi kwa Kivoi na mgeni wake. Krapf alifika kwake mwishoni mwa Novemba 1849, wakati wa mvua ya vuli. Kivoi alimpokea vizuri. Katika mazungumzo yao alimwambia kwamba amefika Uchaga na ameuona mlima mweupe wa huko, na kwamba uko mwingine, mkubwa, ambao hapo Kitui penyewe huonekana mbingu zikiwa safi. Jina la mlima huo alilitaja kwa lafudhi ya Kikamba, na Krapf akaliandika kama alivyolisikia. Husemwa kwamba kwa Wakamba jina hilo lina uhusiano na mbuni dume, kwa ajili ya weusi na weupe wa manyoya yake, kwani mlima nao ni mawe meusi yenye theluji juu yake.

Siku zile mawingu yaliufunika mlima, na mgeni hakuona kitu. Mtu mwingine angedhani ameambiwa hadithi. Lakini tarehe 3 Disemba 1849 mawingu yalifunguka, na Krapf akauona waziwazi, mlima mpana wenye pembe mbili zilizosimama juu yake na kitu cheupe kilichoufunika. Mwenzake Johannes Rebmann alikuwa amekwisha kuuona mlima wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Waliopeleka khabari hizi Ulaya hawakusadikiwa. Mwanachuoni wa London, W. D. Cooley, ambaye hakupata kutia mguu wake katika nchi zetu, alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na mstari wa ikweta, akawafanya waliouona mlima kuwa ni watu wa ndoto. Na huku Kitui Kivoi alikuwa akiutazama kila mawingu yanapoondoka, bila ya kudhani kwamba ameona ajabu.

Kisa hiki nimekikawilia kwa makusudi. Kivoi hakuugundua mlima, wala hakudai. Watu wa Kitui wote waliuona tangu wazee wao. Aliyoyafanya yeye ni mawili: alikuwa ameutazama vizuri vya kutosha hata akaweza kumwambia mgeni uko wapi na huonekana wakati gani, na alikuwa na nafasi moyoni ya kukaa na mgeni asiyeijua nchi na kumwelekeza. Huo ulikuwa wakati wa kawaida wa siku ya kawaida, mwenyeji na mgeni wakizungumza, na wala Kivoi mwenyewe hakujua kwamba maneno yale yatakwenda mbali kuliko pembe zote alizopata kuuza.

Sasa tulieleze lile tuliloahidi. Kivoi alisifika kuwa ni mleta mvua, na sifa hiyo ilikuwa sehemu ya nguvu yake. Sisi twajua kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na mwenye kujitia katika jambo hilo, awe Mkamba wa Kitui au awe mwenye kilemba apigaye falaki na kuuza hirizi katika mitaa yetu, amejitwika asiloliweza na amewapunja watu. Hili si la kufichwa kwa sababu twamsifu mtu. Lakini tuwe na insafu pia. Katika nchi ambayo mvua ikichelewa mwezi mmoja watoto hulala na njaa, mtu aulizwaye juu ya mvua hawezi kujificha. Kila asubuhi humjia mkulima na swali lake, na humjia mama na swali lake, na ni lazima awatazame nyusoni. Uganga wake hatuutaki; lakini wangapi katika wakubwa wetu wanaojua kisima cha mtaa wao kimekauka tangu lini?

Krapf alirudi Ukambani mwaka wa 1851. Aliondoka Rabai mwezi wa Julai, akitaka kujenga kituo chake Yatta. Njiani walishambuliwa na wanyang'anyi, na huko Yatta mambo hayakumwendea, akaacha akaenda kwa Kivoi. Kivoi alikuwa akijitayarisha kwa safari ya mto Tana, upande ambao pembe hupatikana, na mgeni alitaka kuuona mto huo. Wakafuatana. Walipokuwa wamekaribia mto, adui wengi waliwatokea kutoka msituni na mishale yao. Wengi wa msafara walikimbia. Kivoi aliuawa hapo pamoja na wachache waliokuwa karibu naye.

Krapf alibaki peke yake katika nyika. Alipoufikia mto alikunywa, kisha kwa kuwa hana chombo alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na matambara. Lakini vichaka vilizichomoa nyasi na maji yakamwagika. Alitembea usiku na kujificha mchana, akila majani na mizizi. Alipofika katika nchi ya Kitui alikuta khabari zimemtangulia, na ndugu za Kivoi walimlaumu yeye kwa kifo cha mkubwa wao, kwamba alikuwa na bunduki na hakumwokoa. Alitoroka usiku, na baada ya taabu nyingi akarudi Yatta, na mwishoni mwa Septemba 1851 akaingia Rabai. Kituo cha Ukambani hakikujengwa. Msomaji asiwalaumu upesi wale ndugu. Walikuwa wamempoteza mtu ambaye mahali pake hapakuwa na wa kupashika, kwani ukubwa wake haukuwa katika kiti ambacho mwingine angeweza kukikalia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ukubwa wa Kivoi haukurithiwa na mtu. Baada yake misafara ya Wakamba iliendelea kwa miaka, lakini nguvu ikapungua. Ndovu walikwisha katika nchi za karibu, na watu wa pwani, wazee wetu sisi, wakaanza kupanda bara wenyewe na kununua pembe bila ya kumngojea Mkamba aziteremshe. Kisha ikaja reli katika miaka ya 1890, ikafuata karibu njia ile ile ya Tsavo na Kikumbulyu, na tangu mwaka wa 2017 gari jipya la moshi hupita Mtito Andei, Kibwezi na Emali kwa mwendo ambao abiria hana nafasi hata ya kuhisabu miti. Twapita nchi ya Makueni wengi wetu kila mwezi, na wachache ndio wanaoteremka kuamkiana na mtu.

Mlima aliouonyesha Kivoi ulisadikiwa Ulaya baada ya wasafiri wengine kuufikia, na Mwingereza Halford Mackinder akapanda mpaka kilele chake mwaka wa 1899. Jina lililotoka katika kinywa cha Mkamba na kuandikwa na Mjerumani ndilo Waingereza walilolipa koloni yao mwaka wa 1920, na ndilo lililobaki baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, likaandikwa katika fedha zetu na katika vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu. Na mpaka leo, asubuhi ambayo mbingu ni safi, mtu akipanda juu ya vilima vya Kitui akatazama upande wa kaskazini na magharibi, huuona.